Wageni wa Pwani Yetu: Siku ya Januari kutoka Kerege hadi Ruvu



Mwezi wa Januari, wakati ambapo huku kwetu jua la kaskazi huchoma hata mchanga usikanyagike kwa mguu mtupu ifikapo adhuhuri, katika nchi za Siberia mito imeganda, theluji imefunika malisho yote, na katika sehemu zilizo karibu na ncha ya dunia jua lenyewe halichomozi kabisa kwa majuma kadhaa. Na kwa kuwa ndege wa ufukweni ni kiumbe ambaye riziki yake imo ndani ya tope laini, katika konokono na nyungunyungu na vijidudu awachokoavyo kwa mdomo, tope likishakuwa jiwe kwa baridi hana budi ahame au afe. Anahama. Na miongoni mwa mahali anapofikia, baada ya masafa ya maelfu ya kilomita, ni sahili hii hii ya kwetu, tangu Kunduchi na Mbweni, kupita Mapinga na Kerege, hata Mlingotini, Kaole, Bagamoyo na mlango wa mto Ruvu.

Nia yangu leo ni kuwachukua pamoja nami kwa siku nzima, tangu alfajiri hata magharibi, katika safari ambayo mtu wa Kerege aweza kuifanya kwa nauli ya daladala na miguu yake mwenyewe, akiwa na darubini ikiwezekana, na daftari na kalamu kwa lazima. Nasema daftari kwa lazima kwa sababu moja, ambayo ndiyo iliyonileta mbele ya kipaza sauti hiki: utajiri huu tunao, wavuvi wetu wanaujua, mama zetu wachokoao chaza wanaujua, lakini hatuuandiki, na siku utakapopungua hapatakuwa na hati ya kutuonyesha ulipungua kwa kiasi gani, wala tangu lini.

Siku yenyewe haichaguliwi kwa tarehe bali kwa mwezi. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, baada ya siku moja mbili bahari huingia katika bamvua, na hapo tofauti ya maji makuu na maji madogo katika pwani yetu hupita mita 3, ilhali wakati wa maji mafu bahari hupanda kidogo na kushuka kidogo, na ndege hutapakaa ovyo pasiwe na saa inayowakusanya. Katika bamvua mambo hufuata utaratibu ambao kila mwenye ngalawa anaujua: maji hupwa mpaka mwisho kati ya saa nne na saa tano za asubuhi, mafungu na matope yakabaki wazi hata mbali, kisha hurudi na kufikia ukomo wake kati ya saa kumi na saa kumi na moja za alasiri. Ndege nao hawana saa nyingine. Maji yakipwa hutawanyika tope zima wakila, na maji yakijaa, wakiwa wamenyang'anywa pa kukanyaga, hujikusanya kwa mamia katika mahali pachache palipo pakavu na patulivu, wakasimama kungoja. Kwa hiyo mwenye kuitaka siku iwe kamili huanzia bara, hushuka ufukweni maji yakiwa yamepwa, na alasiri huwa amekwisha kufika pale watakapokusanyika.

Alfajiri, basi, ni ya Kerege. Upepo wa umande ungali unatoka bara, na katika vichaka vilivyo nyuma ya mikorosho dudumizi anaita kwa sauti yake ya kububujika, ishukayo daraja kwa daraja, ambayo wazee huitazamia mvua. Hondohondo wawili watatu hupita kutoka mwembe hadi mwembe wakipiga kelele. Hao ni wenyeji. Lakini mtu akiinua macho juu ya minazi jua linapochomoza, atawaona wageni wa kwanza, yaani mbayuwayu mwenye kidevu chekundu na mkia wa panda mbili, na pamoja naye keremkerem wa Ulaya, mwenye koo la manjano na mgongo wa rangi ya shaba, akilia juu sana hewani hata asikike kabla ya kuonekana. Mbayuwayu yule yawezekana kabisa alitotolewa Juni iliyopita chini ya paa la zizi la ng'ombe huko Urusi au Ujerumani, na sasa anaokota mbu na kumbikumbi juu ya uwanja wa mpira wa watoto wetu.

Watu wa Ulaya wenyewe kwa karne nyingi hawakujua ndege hawa huenda wapi. Palikuwa na wataalamu wenye hadhi kubwa waliosadiki kwamba mbayuwayu hujizamisha ndani ya tope la maziwa na kulala humo mpaka baridi iishe. Shaka ilianza kuondoka mwaka 1822, pale korongo mweupe alipopigwa risasi karibu na kijiji cha Klütz, kaskazini ya Ujerumani, akakutwa na mshale mrefu wa Kiafrika umepenya shingo yake, ambao aliruka nao kutoka bara letu mpaka kwao. Korongo yule amehifadhiwa hata leo katika Chuo Kikuu cha Rostock, na mshale wake shingoni. Yaani ushahidi wa kwanza ulio dhahiri kabisa, ambao hapana aliyeweza kuukataa, ulitoka katika mkono wa Mwafrika asiyejulikana jina. Baadaye, mwaka 1899, mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwavika ndege pete nyepesi za madini zenye anwani na nambari, na kwa njia hiyo mbayuwayu aliyevikwa pete Uingereza mwaka 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, mwezi wa Desemba mwaka 1912. Kwa hiyo mtu yeyote atakayemkuta ndege aliyekufa ufukweni, amtazame mguu kwanza, na akiiona pete asiitupe, bali ainakili maandishi yake yote na kuyafikisha kwa maofisa wa wanyamapori.

Kerege ya mabonde yaliyoshika maji ya vuli mpaka Februari inapungua. Baadhi ya mabonde hayo yamefukiwa kifusi na kuwekwa mawe ya mipaka, na sina la kumlaumu mtu aliyetafuta mahali pa kujenga nyumba ya wanawe. Ila pale penye dimbwi lililosalia, ambapo yangeyange hutembea kwa taadhima kati ya matete, na pembeni yake kitwitwi mmoja wa Siberia anatikisa mkia bila kutulia, naomba wenye kiwanja wafikiri mara mbili kabla ya kumwaga lori la kwanza, maana dimbwi hilo hupokea pia maji ambayo wakati wa masika yatatafuta mlango wa mtu.

Saa tatu tuko njiani, na kabla ya saa nne tumefika Mlingotini. Bahari imekwenda zake. Mbele yetu ni tope na mchanga na majani ya baharini mpaka kwenye mstari mweupe wa mawimbi, nyuma yetu mikoko, na katikati akina mama wa mwani wameinama kwenye kamba zao, maji yakiwafika magotini. Mtu asiyezoea husema hapa hapana kitu. Na atulie kidogo, atazame kwa upole, na kila kitu alichodhani ni jiwe au gogo kitaanza kutembea: sululu, mkubwa, wa rangi ya hudhurungi, mwenye mdomo uliopinda kwenda chini, ambao huuingiza katika tundu la kaa mpaka machoni; kitwitwi wa kijivu wa nchi za ncha ya kaskazini, asimamaye peke yake kama anayelinda mpaka; wale wadogo wa Asia ya Kati, wenye mbio za ghafla na kusimama kwa ghafla; na yule mwenye mdomo uliopinda kwenda juu, ambaye hushuka tope mbiombio, kichwa chini, akimfukuza kaa kila upande mpaka amkamate.

Lakini katika wote, yule ambaye moyo wangu unamtafuta kila nifikapo hapa ni ndege mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu iliyochanganyika na buluu, na mdomo mweusi mnene wenye nguvu kuliko ilivyostahili kimo chake. Huyu hatoki kwenye theluji. Maskani yake ya kuzalia ni mchanga wa visiwa na fukwe za Bahari ya Sham, za Ghuba ya Uajemi, na za Omani, ambako wakati wa joto kali huchimba pango ndani ya mchanga na kutaga humo yai moja tu, jeupe, jambo lisilo la kawaida kabisa kwa ndege wa jinsi hii. Na pango lile, kwa kuwa limo ardhini, halipati ukali wa jua la juu wala ubaridi wa usiku, likabaki na fukuto linalosaidia yai kuanguliwa. Kisha huanza safari ya kusini. Wengi huishia Omani kwenyewe, katika rasi ya Barr al Hikman iliyoelekeana na kisiwa cha Masira, ambako zaidi ya nusu milioni ya ndege wa ufukweni hukaa musimu wa baridi. Na sehemu yao hufuata njia ambayo wenyeji wa Sur ya Omani na wenyeji wa Bagamoyo waliijua kizazi baada ya kizazi, wakafika huku kwetu.

Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa akirudi na gunia lake la mwani, nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akasimama kupumzika, na nilipomwonyesha kundi la ndege hao alinijibu pasipo kusita: "Hao huja na mtoto wao. Mtoto ni mkubwa kama mama yake, lakini bado anaomba chakula." Wasikilizaji, hilo ndilo jambo ambalo wataalamu huliandika kwa mshangao katika vitabu vyao, kwamba ndege mla kaa, tofauti na takriban jamaa zake wote wa ufukweni, husafiri na kinda lake masafa yale yote na kuendelea kulilisha kwa miezi mpaka huku linakopitisha musimu. Mama yule hajasoma kitabu hicho. Ameyaona mwenyewe, akiwa ndani ya maji, huku anafunga mwani.

Husemwa sana kwamba ndege hawa huletwa na kaskazi kama majahazi. Kwa mwewe mdogo wa Amur ni kweli, kwani hutoka China na Siberia, akapita India, na Novemba hata Desemba huivuka bahari ya Arabuni kwa mgongo wa upepo huo, masafa ya kilomita zipatazo 3,000 pasipo mahali pa kutua. Lakini wengi wa ndege tunaowaona Mlingotini huwasili mwezi wa Agosti na Septemba, kusi ingali inavuma, wakiukata upepo kwa nguvu za mbawa zao. Na ni wakati wa kurudi, Aprili na Mei, ndipo kusi mpya huwasukuma kwa nyuma kuelekea kwao. Kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kidogo, ambaye Aprili hugeuka mwekundu wa matofali kifuani mbele ya macho yetu, huenda kuzaa katika tundra ya Siberia, naye uzito wake ni gramu 60 hivi.

Kaole tutapita upesi, jua likiwa utosini, si kwa kuwa makaburi yake ya mnara na misikiti yake havistahili siku nzima, bali kwa kuwa vyahitaji mazungumzo mengine. Ila mtu asimame kidogo penye ukingo wa mikoko, atazame mahali palipokuwa bandari, ambapo sasa ni michu na mikoko mitupu, na mdiria wa mikokoni, mwenye mdomo mwekundu, anapaa kutoka tawi hadi tawi juu ya maji yaliyoanza kurudi.

Na mjini Bagamoyo yuko mtu mmoja wa kutajwa. Tarehe 4 Desemba mwaka 1889, Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa jimbo la Ikweta, aliwasili hapa pamoja na msafiri Stanley baada ya safari ya kutoka Ziwa Albert, na usiku ule ule, katika karamu ya kuwapokea, akiwa na macho yasiyoona mbali, alianguka kutoka dirisha la ghorofani akavunjika vibaya. Historia humkumbuka kwa siasa. Lakini katika miaka yake yote ya utawala alikuwa akikusanya ndege, akizitayarisha ngozi zao kwa mikono yake, akizipeleka Ulaya, ambako mtaalamu Gustav Hartlaub wa Bremen alizieleza moja moja. Nampa heshima yake, kwa kuwa kazi ile ilifanywa kwa bidii katika shida kubwa. Hata hivyo ngozi zilikwenda, daftari zilikwenda, na vitabu vikaandikwa kwa Kijerumani na kusomwa kwingine. Waafrika waliomletea ndege wale, waliomwambia mahali wanapolala na wanachokula, hawakuandikwa majina wala maarifa yao. Hiyo ndiyo desturi ambayo daftari la mtu wa Kerege linaweza kuivunja.

Alasiri yetu ni ya Nunge, penye mashamba ya chumvi kaskazini ya mji, njia ya kuelekea Ruvu. Kingo za udongo zimegawa maji katika vyumba vyumba, mengine ya kijani, mengine ya waridi kwa ukali wa chumvi, na kadiri bahari inavyopanda na kulifunika tope, makundi yanaingia, kwanza kumi, kisha hamsini, kisha wingi unaogeuka hewani kwa pamoja, ukawa mweupe, ukawa mweusi, ukashuka. Vitwitwi wa namna tano sita husimama bega kwa bega, wote wakikabili upepo. Shakwe na mnandi wana kingo zao. Heroe huonekana mara kwa mara, na zaidi katika mashamba ya chumvi ya Utondwe upande wa Saadani. Hapa ndipo pa kuhesabu. Hesabu ndege kumi, shika machoni nafasi waliyoichukua, kisha pima kundi zima kwa nafasi hiyo, rudia mara tatu, na andika wastani. Kunguru wa Bara Hindi nao wahesabiwe, hao walioletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka, wakavuka na kuenea pwani nzima, na sasa wanakula mayai na makinda ya ndege wetu wa asili. Inaniuma kusema, lakini kuna mitaa ambayo asubuhi haina sauti nyingine isipokuwa yao.

Kwa nini nashikilia hesabu? Alikuwako sululu mmoja mwenye mdomo mwembamba, jamaa wa huyu wetu wa Mlingotini, aliyezaa Siberia na kupitisha musimu wa baridi pande za Bahari ya Kati. Katika karne ya 19 alikuwa ndege wa kawaida. Kila mtu alidhani wako wengi mahali pengine, na wakati watu walipoanza kumtafuta kwa bidii makundi yalikwisha. Mara ya mwisho alipoonekana bila shaka yoyote ilikuwa Februari mwaka 1995, huko Merja Zerga, nchini Moroko. Na mwezi wa Oktoba mwaka 2024, katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini, kitwitwi wa kijivu na yule mwekundu wa Aprili, ambao wote wawili nimewataja leo kwa wingi na furaha, waliandikwa katika daraja la walio hatarini. Hawa ni ndege wa pwani yetu. Tanzania imeingia katika mapatano ya ndege wa majini wahamao kati ya Afrika, Ulaya na Asia, yaliyofanyika The Hague mwaka 1995, na katika Mkataba wa Ramsar inayo maeneo manne yaliyoorodheshwa, yaani Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, bonde la Kilombero, na Rufiji-Mafia-Kilwa. Sehemu hii, kati ya Mbweni na Ruvu, haimo.

Najua kwamba tangu mwaka 2013 panazungumzwa habari ya bandari kubwa ya Bagamoyo, upande wa Mbegani, na mimi si katika wanaotaka vijana wetu wakose kazi ili ndege wapate raha. Ninachoomba ni kidogo na chawezekana: mhandisi atakapofunua ramani yake, aikute humo alama ya mahali ndege wanapokusanyika maji yakijaa, yenye idadi na miaka kumi ya kumbukumbu nyuma yake, kwa kuwa mahali hapo ni padogo, hapalingani hata kidogo na ukubwa wa tope wanamolia, na aghalabu mpango waweza kusogezwa mita mia chache ukapaacha salama. Pasipo alama hiyo atafukia bila kujua, na hatakuwa na hatia.

Hesabu ya ndege wa majini ya kila Januari hufanywa duniani tangu mwaka 1967, na katika Afrika tangu mwaka 1991, na walimu wa shule zilizo kando ya barabara hii wangeweza kuishiriki pamoja na wanafunzi wao bila gharama kubwa. Andikeni tarehe, mahali, jina la aliyehesabu, na hali ya maji, kwani idadi isiyoonyesha kama bahari ilikuwa imejaa au imepwa haiwezi kulinganishwa na nyingine. Ndege asiyejulikana jina aandikwe sura yake: urefu wa mdomo na ulivyopinda, rangi ya miguu, na alama nyeupe mgongoni au mbawani anaporuka. Jina la hapa kijijini, kama lipo, liandikwe vilevile, hata kama kijiji cha pili humwita vingine. Na anayetaka kuanza na bamvua ijayo, afike Nunge kabla ya saa tisa, aombe ruhusa kwa wenye mashamba ya chumvi, aketi upande wa bara ili jua liwe mgongoni mwake na ndege wawe mbele yake wamemulikwa, wala asisimame ghafla, kwa kuwa kundi likirushwa wakati wa maji makuu halina pengine pa kwenda, na nguvu linazopoteza hewani ni zile lililoziweka kwa ajili ya safari ya Aprili.